Simu ya Ednah na Goti la Karani

Ednah Wawira wa Kanja ni mama wa watoto watatu, wa kwanza Mbaka, mchuma chai wa tangu utotoni, katibu wa umoja wa kina mama kanisani, na ana mdomo ambao hata pasta anauheshimu. Ukimkuta shambani asubuhi na kikapu mgongoni, mikono miwili ikikimbia juu ya majani kama kuku anayedonoa mtama, usimsalimie salamu fupi ukaenda zako. Atakuita urudi. Atakuuliza habari ya mama yako, ya ng'ombe wako, na kwa nini Jumapili hukuonekana. Mimi ninayekusimulia nimeitwa nikarudi mara nyingi, kwa hivyo najua ninalolisema.

Huyu ndiye aliyewafundisha kina mama wa Kanja simu za kugusa. Kila aliyenunuliwa simu na mwanawe wa Nairobi aliibeba kwenye boksi lake mpaka kwa Ednah. Akawawekea WhatsApp, akawaeleza kwamba ujumbe wa humo umepigwa kufuli huku na kufuli kule, na wenye funguo ni aliyetuma na aliyepokea peke yao. Hata wenye kampuni hawausomi.

"Basi umbea umejengewa nyumba ya mawe!" akasema mama mmoja, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Halafu ikaja shughuli ya kuifunga simu yenyewe. Ednah akawaambia, "Wekeni namba ambayo hata ukiamshwa usingizini utaitaja." Sasa niambie wewe, mkulima wa chai ni namba gani asiyoweza kuisahau? Ni namba yake ya ukulima, ile anayoitaja kila siku karani akipima majani. Bila namba hiyo majani yako si yako. Wakakubaliana kwa kauli moja: tarakimu nne za mwisho za namba ya mkulima. Ednah akapiga makofi. Hapo ndipo alipoteleza, na kosa hilo mtu wa Mombasa hawezi kulifanya hata akitaka, maana kwao hakuna chai: kitabu chenye namba zote hizo kinakaa mezani kwa karani wa chai mchana kutwa, kikiwa wazi.

Ednah mwenyewe hakuwa na namba. Shamba lao limeandikwa kwa jina la mumewe, Nthiga, na yeye akaona hawezi kufungia mambo yake kwa namba ya mwanamume. Akaweka ya mama yake mzazi, mjane anayeishi vilima viwili kutoka Kanja, namba aliyokuwa akiitaja akiwa darasa la tatu anapeleka majani kituoni kabla ya kengele ya shule. Alama ya kidole nayo aliijaribu. Jumapili, mikono ikiwa imepumzika, simu ilimtambua vizuri. Ikifika Ijumaa, baada ya siku tano za kuchuma, kidole gumba kimesagika na kuwa cheusi kwa utomvu, simu inamkana kama Petro.

Haya. Mwezi wa nne mvua ikakolea, majani yakawa mengi hadi kero. Siku moja saa nne asubuhi simu ya Ednah ikalia akiwa katikati ya mistari ya chai. Ujumbe ulitoka kwa Cicily. Cicily, Mama Wambeti, ni mke wa Ndwiga, na Ndwiga ndiye karani wa kituo chetu cha kununulia majani. Alikuwa amempelekea mumewe uji kazini, akasimama nyuma ya mbao, akapiga video.

Sekunde kumi na tisa tu. Gunia linaning'inia kwenye mizani, Ndwiga anasoma kilo kwa sauti ya mtu mwaminifu, na huku chini goti lake la kulia limeinuka kidogo, limelibeba gunia. Goti! Kumbe ndiyo maana majani ya Kanja miaka hii yote ni mepesi kama manyoya! Ednah aliruka, kikapu kikamwagika, wala hakukiinamia.

Chini ya video kulikuwa na sauti ya Cicily, ya kunong'ona. "Mama Mbaka, hilo gunia ni la mama yangu. Anamwibia mama mkwe wake." Kwetu mwanamume humpisha mama mkwe njia hata kama amebeba jiwe, kwa hivyo Ednah aliposikia hivyo alijishika kichwa. Sauti ikaendelea: "Mimi kwangu nimefuta. Yeye huifungua simu yangu kila jioni, namba si anaijua. Usinitaje. Unaukumbuka mkono wangu aliouvunja, na kosa langu lilikuwa ni ugali kuungua tu."

Ednah aliukumbuka. Watu waliambiwa Cicily ameanguka kwenye matope.

Basi ile sauti akaiacha, akaichukua video peke yake, akaituma kwa kundi la wakulima. Wee! Kufikia saa ya chakula cha mchana Kanja nzima ilikuwa inaangalia goti. Wazee wasiojua kusoma waliangalia goti. Watoto waliliigiza njiani. Na Ndwiga, akiwa amevimba, akaenda kituo cha polisi kuandikisha kwamba ameharibiwa jina kwa video ya uongo. "Hiyo imetengenezwa na kompyuta," akasema. "Siku hizi kompyuta inaweza kumchezesha pasta ngoma klabuni." Akaulizwa imetoka kwa nani. Kijiji hakina siri ya namna hiyo. Imetoka kwa katibu.

Alhamisi asubuhi Ednah akaitwa kituoni, kituo kidogo ambacho sitakitaja jina. Alimkuta Koplo Bundi mezani, na kando yake, ameketi kama mwenyeji, Ndwiga. Mezani palikuwa na kile kitabu cha wakulima.

Na usidhani Koplo Bundi ni mtu mbaya. Mwaka uliopita ng'ombe wa Ednah aliibwa, na Bundi ndiye aliyemkamata mwizi, akaifungua simu yake, akakuta picha ya ng'ombe na maelezo ya mahali alipofichwa. Ng'ombe akarudi anatembea kwa miguu yake. Ednah alimpelekea Bundi nduma kikapu kizima, na akatangaza sokoni kwamba simu zote nchini zifunguliwe, asiyekuwa na hatia ataogopa nini? Hayo ni maneno yake. Yalimrudia pale pale mlangoni.

"Mama Mbaka," Bundi akasema kwa upole, "leta simu. Nataka kuona video ile ya kwanza kabisa, imetoka kwa nani na saa ngapi. Ikiwa ni ya uongo, nitajua. Ikiwa ni ya kweli, nitajua pia."

Sasa hapo Ednah afanye nini? Ukweli wake ulikuwa ndani ya simu hiyo. Lakini ukweli huo ulikuwa umekaa chini ya jina la Cicily, na Ndwiga alikuwa ameketi umbali wa mkono mmoja.

"Simu hii hapa, Afande. Lakini siifungui."

"Weka kidole."

"Kidole gani? Ninavyo kumi."

Bundi hakucheka. Akamshika kidole gumba, akakibandika kwenye kioo. Simu ikatikisika, ikakataa. Akakipangusa kwa kitambaa, akabandika tena. Ikakataa. Cha kushoto. Ikakataa. Ilikuwa wiki ya majani mengi, nakuambia, na vidole vya Ednah vilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mara ya tano simu ikaacha kabisa habari ya vidole, ikadai namba. Ednah alitaka kupiga kigelegele. Akauma mdomo.

"Usisumbuke, Afande," Ndwiga akasema, na akakifungua kitabu. "Hawa kina mama wote wanatumia namba ya mkulima. Yeye mwenyewe ndiye aliwafundisha. Ya mke wangu mimi naifungua kila jioni."

Mwalimu mjinga mimi, Ednah akajisemea. Nimewapa kufuli, nikamwachia mwizi ufunguo awatunzie!

Ndwiga akatafuta Nthiga, akataja tarakimu nne. Bundi akabonyeza. Simu ikakataa. Ndwiga akatafuta mama mkwe wa Ednah. Ikakataa. Akajaribu ya shemeji wa Ednah. Ikakataa. Akajaribu ya shamba dogo la karibu na mto ambalo Nthiga alikodi. Ikakataa. Ya tano wakakisia mwaka wa kuzaliwa wa Mbaka, kifungua mimba. Simu ikawaambia wangoje sekunde thelathini. Moyo wa Ednah ulikuwa unapiga mpaka akaogopa utasikika, na hata hivyo, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahia. Wanaume wawili, kitabu kizima, na kisimu chenye ufa kwenye kona kinawakatalia!

Furaha hiyo ilikatika ghafla. Ndwiga aliinua kichwa polepole.

"Wewe si mzaliwa wa hapa," akasema. "Wewe ulitoka kule juu. Mama yako ni yule mjane."

Akatoa simu yake, akampigia karani wa kule, akaweka sauti ya juu. "Bwana, nitafutie namba ya yule mama, mjane, ana msichana ameolewa huku Kanja." Karani wa kule akajibu, "Ngoja nifungue kitabu." Ikasikika karatasi ikipinduliwa, moja, ya pili, ya tatu. Sekunde thelathini zilikuwa zimekwisha. Kidole cha Koplo Bundi kilikuwa tayari juu ya kioo.

Ednah akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Afande! Karatasi ya korti iko wapi?"

"Keti chini, mama. Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi, nakukumbusha! Siku ya ng'ombe wangu ulingoja karatasi siku mbili nzima. Mimi nikakutukana, nikasema unamlinda mwizi. Si ni kweli? Ulinijibu nini?"

Bundi akairekebisha kofia yake kichwani.

"Ulinijibu nini, Afande?"

"Nilisema," Bundi akajibu, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, "nikifungua bila karatasi, hata nikikuta ng'ombe ndani, hakimu atanitupia kesi nje."

"Basi! Mwizi wa ng'ombe alipata karatasi. Mimi mama wa kanisa sipati?"

Kwenye simu ya Ndwiga sauti ikasema, "Nimempata. Andika. Nne, saba..."

Koplo Bundi akaufunika ule mkono wa Ndwiga, simu na vyote, kwa kiganja chake kikubwa. "Kata."

"Afande, si namba ndiyo hii..."

"Kata simu, bwana. Na unieleze kitu kimoja. Mwenye kupeleleza ni mimi. Mbona wewe ndiye una haraka ya kusoma?"

Ndwiga akakata. Simu ya Ednah ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, ikapigwa lakiri, wote watatu wakatia sahihi juu yake, na wakaambiwa wakutane kortini kesho yake saa tatu. Ednah akatoka nje, akakaa kwenye jiwe. Alikuwa ameshinda siku moja tu. Hakuwa na simu ya kumwonya Cicily, na hata angekuwa nayo, angempigiaje mtu ambaye simu yake inafunguliwa kila jioni?

Ijumaa hiyo korti ilijaa watu wa Kanja. Hakuna aliyechuma siku hiyo, na mvua ilinyesha juu ya majani yaliyokomaa bila mtu. Ndwiga alikuja na suti. Cicily alikuja nyuma yake, amemshikia koti, macho chini, akaketi kando yake kwenye benchi. Ednah alipomwona alitazama dirishani haraka.

Hakimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyependa maneno marefu. Bundi akasimama, na lazima niseme alisema vizuri. "Mheshimiwa, video ikiwa ya uongo, mtu ameharibiwa jina lake. Ikiwa ya kweli, wakulima wameibiwa. Pande zote mbili zinanihitaji mimi, na mimi bila simu hii ni kipofu."

"Mama," hakimu akamgeukia Ednah, "unaficha nini?"

Hana wakili, hana karatasi, ana ule mdomo wake tu. Na kwa mara ya kwanza maishani mdomo ule ulikauka.

"Mheshimiwa, sifichi kitu. Naficha mtu. Video ni ya kweli, nami ningependa kuliko wote ionekane. Lakini aliyenitumia aliniamini. Akijulikana leo, kesho hana mahali pa kulala, na pengine hana mifupa mizima. Koplo anatafuta ukweli, simkatazi. Lakini simu si kama gunia, ukifungua kutoa kitu kimoja vyote vinamwagika. Humo kuna watu. Kina mama wameniambia mambo ya nyumba zao humo. Niruhusu niifungue mwenyewe, mbele yako, uone kile ulichotaka kuona, halafu nifunge."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Ednah alikuwa anahesabu mapigo ya moyo wake, akapoteza hesabu, akaanza tena.

Amri ikasomwa. Simu itafunguliwa ofisini kwa hakimu, na Ednah mwenyewe. Watakaoona ni hakimu na Koplo Bundi peke yao. Wataona video hiyo na ujumbe ulioileta, basi, na jina la aliyetuma halitaandikwa popote.

"Na mimi je?" Ndwiga akaruka. "Mimi ndiye mlalamikaji!"

"Wewe utangoja kwenye benchi," hakimu akasema.

Ofisini Ednah alikosea namba mara ya kwanza. Mara ya pili simu ikafunguka. Goti likaonekana, tarehe ikaonekana, saa nne na dakika kumi. Hakimu akairudia mara tatu. "Hili goti ni zima kweli," akasema, na pembe ya mdomo wake ikacheza.

Kisha ile sauti ya kunong'ona ikasikika mpaka mwisho, mpaka kwenye mkono na ugali. Koplo Bundi alilisoma lile jina juu ya kioo. Nje, kupitia mlango, alisikika Ndwiga akikohoa kwenye benchi. Bundi akatazama mlango, akatazama simu, akavua kofia yake akaishika mikononi. Aliigeuza simu kifudifudi mezani, kwa vidole viwili, polepole. Hapo Ednah alijua kwamba siri sasa ina watu wanne, na kwamba wa nne anavaa sare lakini hataitoa.

Waliporudi, hakimu alisema maneno machache. Video ni halisi. Mama huyu hana kesi. Polisi wafungue jalada juu ya upimaji wa majani, wamtafute kila aliyepunjwa. Wee, kelele! Kina mama wa Kanja walipiga vigelegele ndani ya korti, askari akagonga meza, hakuna aliyemsikia. Nthiga, mwanamume mpole asiyesema, alimwinua mkewe juu mbele ya watu, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya harusi.

Ndwiga alikuwa anapiga mayowe. "Nani alinipiga picha? Nataka jina! Nani?"

"Swali hilo si la korti hii," hakimu akasema, akaondoka zake.

Nje uani, watu wakiwa bado wanakumbatiana, Cicily alipasua kundi akaja moja kwa moja kwa Ednah. Alikuwa bado ameshika koti la mumewe. Akamkamata Ednah kola kwa mkono mmoja, ule uliowahi kuvunjika.

"Ednah Wawira, huna haya!" akapaza sauti mpaka uwanja mzima ukageuka. "Umemwaibisha bwanangu mbele ya ulimwengu! Kanisani tunakaa benchi moja na wewe! Nyoka wewe! Usiwahi kukanyaga kwangu tena!"

Machozi yalikuwa yanamtoka kweli kweli, na vidole vyake vilikuwa vimeikaza ile kola kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Havikuwa vinasukuma. Vilikuwa vimeshikilia tu.

Kina mama wakaguna. Mmoja akataka kumjibu Cicily, Ednah akamzuia kwa mkono.

"Nisamehe, Mama Wambeti," akasema.

Ndwiga akafika, tai imepinda, jasho limemlowesha. Akamshika mkewe bega taratibu. Watu wote walimsikia alivyosema, kwa sababu sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Wacha, mama. Twende. Kanja nzima imenigeuka, ni wewe peke yako uko upande wangu."

Cicily akaiachia ile kola, akamvalisha mumewe koti, akamfuata mpaka langoni bila kugeuka nyuma. Ednah akajifunika uso kwa leso yake, mabega yakamtikisika, na kina mama wakamzunguka wakimbembeleza, wakidhani analia.